Printa inachapa yenyewe usiku: maswali yenu kuhusu vifaa vilivyo kwenye waifai ya nyumbani

Barua za vifaa vya nyumbani zimekuwa nyingi, tumechagua nane. Maneno ya menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye kioo cha rauta au printa, maana ndivyo utakavyoyakuta. Kila kampuni ina mpangilio wake wa kurasa, lakini majina hayo hayapishani sana.

Karatasi zinatoka zenyewe

*Nina printa ya leza nyumbani, nachapishia mitihani ya majaribio ya wanafunzi wa mtaani. Wiki ya pili sasa nikiamka nakuta karatasi 3 au 4 zimetoka, kila moja ina mistari michache juu, wa kwanza ni «GET / HTTP/1.1». Tona inaisha bure. Mke wangu anasema ni virusi.*
Msomaji, Arusha

Vizuri umeunakili huo mstari, umetuokolea nusu ya kazi. Ungekuwa unaanza na «%-12345X@PJL» au «%!PS-Adobe», ukafuatiwa na kurasa za herufi zisizosomeka, tungekwambia kompyuta yako inatumia draiva isiyo ya modeli yako. «GET» ni hodi. Kuna programu inayokagua mtandao, imefika kwenye printa na kuomba ukurasa wa wavuti.

Printa iliyounganishwa na mtandao husikiliza kwenye milango kadhaa yenye namba. Mlango 9100 ndio mkongwe: chochote kinachofika hapo printa hukichukulia kuwa ni kazi ya kuchapa. Haiulizi nani katuma, haidai nywila. Aliyebisha alitaka kujua tu kuna nini hapo, printa ikamchapa na maneno yake.

Sasa tujue anabisha kutoka wapi. Leo usiku chomoa waya unaoingiza intaneti kwenye rauta, au toa laini kama ni rauta ya laini ya simu, ila rauta na printa ziache zimewaka. Karatasi zikiendelea kutoka, mbishaji yumo ndani ya nyumba. Mara nyingi ni antivirusi yenye kipengele cha kukagua waifai, au programu ya simu inayoorodhesha vifaa. Zima ukaguzi huo, au iondoe anwani ya printa kwenye orodha yake.

Zikikoma, ingia kwenye rauta kwa kivinjari. Anwani yake iko kwenye kibandiko cha chini. Za kawaida ni 192.168.0.1, 192.168.1.1, 192.168.8.1 na 192.168.100.1. Soma anwani ya WAN, yaani ya upande wa rauta unaotazama intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na mtu wa nje hawezi kukufikia moja kwa moja. Laini nyingi za simu ziko hivyo. Hapo mshukiwa anabaki kuwa kifaa cha ndani kinachochangamka intaneti ikiwepo, na boksi la televisheni liwe la kwanza. Tumelieleza kwenye barua nyingine hapa chini. Lakini kama WAN ni ileile unayoonyeshwa na tovuti za kuangalia IP, rauta yako inaonekana na dunia nzima. Fungua kurasa tatu: Port Forwarding (milango ya nje iliyoelekezwa kwenye kifaa cha ndani), DMZ (inayokiacha kifaa kimoja wazi kwa nje) na UPnP. Kwenye ya kwanza futa mstari wowote wenye anwani ya printa. DMZ izimwe. UPnP nayo izimwe, kwa sababu ndiyo inayoruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia mlango wa nje bila kukuuliza. Baadhi ya michezo ya kompyuta italalamika. Ni bei tunayoona inalipika. Rauta ikiwa na IPv6, yaani mfumo mpya wa anwani za intaneti, hakikisha firewall ya IPv6 imewashwa, maana huko kila kifaa kinaweza kuwa na anwani yake ya kuonekana nje.

Hili si jambo geni. Novemba 2018 mtu aliyejiita TheHackerGiraffe alichapisha karatasi ya kumpigia debe PewDiePie wa YouTube kwenye printa zipatazo 50,000 duniani. Hakuvunja nywila hata moja. Alituma kazi ya kuchapa kwenye milango 9100 iliyoachwa wazi.

Baada ya rauta, nenda kwenye printa yenyewe. Chapa ripoti ya mtandao kutoka kwenye menyu yake, chukua anwani ya IP, iandike kwenye kivinjari cha kompyuta. Weka nywila ya msimamizi. Zima Telnet, FTP na LPD, njia za zamani za kuifikia printa, kama huzitumii. Acha IPP, njia ya kisasa ya kuchapa, na acha 9100 kama Windows inachapa kupitia huko. Ukikuta sehemu ya kuruhusu anwani fulani tu, ruhusu za nyumbani peke yake.

Hapa ndipo wengi hukwama: ukizima SNMP, njia ambayo kompyuta huiuliza printa hali yake na ambayo kiwandani hufunguliwa kwa neno «public», Windows inaweza kuionyesha printa kuwa Offline ingawa ni nzima. Fungua Printer properties, Ports, Configure Port, uondoe alama kwenye SNMP Status Enabled. Itarudi.

Na kama ni kompyuta moja tu inayochapa hiyo mitihani, nunua waya wa USB, uzime waifai ya printa kabisa. Hakuna mpangilio wa usalama unaoushinda huo waya.

Fundi aliniwekea kamera, sasa naogopa

*Hamjambo. Kijana mmoja alinifungia kamera 4 na mashine ya kurekodi, akaingia kwenye rauta akafanya mambo ili nione nikiwa safarini. Paswadi alichagua yeye. Mjukuu wangu anasema nyumba yangu iko wazi. Je, ni kweli?*
Mzee wa Mombasa

Shikamoo mzee wetu. Mjukuu ana hoja. «Mambo» aliyofanya fundi bila shaka ni Port Forwarding: amefungua milango kwenye rauta ielekee kwenye mashine, kwa kawaida 80, 8000 na 554, au 37777 kutegemea kampuni. Wewe unapita hapo ukiwa safarini, na mwingine yeyote anaweza kubisha hapohapo.

Kubisha huko hakuhitaji mtu wa kukulenga wewe. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai ilizunguka intaneti nzima ikijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zaidi ya 60 kwenye kamera, mashine za kurekodi na rauta. Iliyokubali iligeuzwa askari wa kushambulia wengine, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo viliiangusha Dyn, kampuni iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, tovuti kubwa kadhaa zikapotea kwa saa nyingi. Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, hivyo ukizima kifaa na kukiwasha ilifutika. Kisha ikarudi baada ya dakika chache, kwa kuwa nywila ilikuwa ileile.

Hata nywila nzuri haitoshi mlango ukiwa wazi. Septemba 2021 Hikvision ilitoa marekebisho ya kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2021-36260: aliyeweza kufika kwenye ukurasa wa wavuti wa kamera aliitawala yote bila jina wala nywila. Waliosasisha walipona. Zilizofungwa na fundi kisha zikasahaulika ukutani zilibaki hivyo hivyo.

Mwambie mjukuu aifanye kazi hii kwa mpangilio huu. Kwanza afute mistari yote ya Port Forwarding inayoelekea kwenye mashine na azime UPnP, kwenye rauta na kwenye mashine pia, kwani mashine nyingi zina swichi yake ndani. Pili, aweke nywila mpya ya «admin», herufi 12 au zaidi, na aiandike kwenye daftari la nyumbani. Baada ya hapo picha za kamera huenda zikawa nyeusi. Msishtuke: kamera zilizoongezwa kwa anwani ya IP bado zinadaiwa nywila ya zamani, na kila moja inabidi irekebishwe kwenye ukurasa wa Camera wa mashine. Tatu, afungue mtumiaji wa pili mwenye ruhusa ya kutazama tu, huyo ndiye wa kwenye simu yako. Nne, asasishe programu ya ndani ya mashine na ya kamera kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, kwa namba kamili ya modeli. Faili ya modeli jirani inaweza kuiua mashine.

Kuona ukiwa safarini tumia programu ya simu ya kampuni iliyotengeneza mashine, ukiwasha uthibitisho wa hatua mbili. Kisha fungua orodha ya waliogawiwa kamera kwenye programu hiyo. Mara nyingi simu ya fundi bado imo. Wengine wanashauri VPN ya nyumbani (njia iliyofungwa ya kuingia kwenye mtandao wako ukiwa mbali) kama WireGuard, nasi tunaipenda, lakini inadai rauta inayoikubali na anwani inayofikika kutoka nje. Kwenye intaneti ya laini ya simu utahangaika bure.

Ile nambari ya nyuma si ya kwangu peke yangu?

*Printa yangu ya Brother ina kibandiko nyuma kilichoandikwa «Pwd» na herufi nane. Kwa kuwa kila printa ina yake, kuna haja gani ya kubadilisha?*
Msomaji, Nairobi

Hadi Juni 2025 wengi wangekuunga mkono. Mwezi huo kampuni ya usalama Rapid7 ilitangaza kwamba nywila hiyo ya kiwandani hutengenezwa kwa hesabu kutoka kwenye namba ya utambulisho ya kifaa, yaani serial namba, na kwamba kasoro nyingine iliyoambatana nayo humpa mgeni hiyo serial namba bila kuingia. Ukiwa na namba unapiga hesabu, unapata nywila. Modeli 689 za Brother ziliguswa na kundi la kasoro lililotangazwa wakati huo, na ukijumlisha za Fujifilm, Konica Minolta, Ricoh na Toshiba zilifika 748.

Kasoro nyingine za kundi hilo zilipata marekebisho ya programu. Hii ya nywila Brother ilisema haiwezi kuondolewa kikamilifu kwa kusasisha printa ambazo tayari zimetoka. Dawa iko mikononi mwa mwenye printa. Andika anwani ya printa kwenye kivinjari, ingia kwa ile «Pwd», tafuta Administrator, Login Password, weka yako. Kisha sasisha programu ya ndani.

Ukiwa hapohapo, tazama Wi-Fi Direct. Huo ni mtandao wake mdogo ambao printa huurusha hewani ili simu ichape bila rauta. Kwenye printa nyingi za nyumbani, za kampuni mbalimbali, nywila yake ya kiwandani ni rahisi kama 12345678, na jirani wa ghorofa ya juu anauona. Uzime kama hujawahi kuutumia.

Nimetenga mtandao, printa imepotea

*Nilisoma kwamba vifaa vyote vya kisasa viwekwe kwenye Guest Network. Nina balbu 6, soketi 2, televisheni, kamera ya mtoto na printa. Nimehamisha vyote. Sasa simu haiioni printa, na balbu mbili zimegoma kuungana.*
Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam

Ushauri uliosoma ni mzuri, umeutekeleza kupita kiasi. Simu inapotafuta printa hupiga ukelele mfupi ndani ya mtandao: «kuna printa hapa?» Ukelele huo hauvuki kutoka mtandao mkuu kwenda wa wageni, na hiyo ndiyo kazi ya kutenga. Printa ni chombo ambacho simu na kompyuta zako lazima zikifikie, kwa hiyo irudishe mtandao mkuu, iwekee nywila ya msimamizi, basi. Balbu, soketi na kamera ya mtoto unaziamrisha kupitia intaneti hata ukiwa sebuleni. Hizo zikae kwa wageni bila shida. Ila intaneti ikikatika nyingi hazitatii simu, utawashia ukutani kama zamani.

Televisheni ni suala la mazoea ya nyumba yako. Kama mnarusha video kutoka kwenye simu kwenda kwenye kioo, ikiwa kwa wageni haitaonekana. Kama mnatumia rimoti tu, iache huko.

Balbu zilizogoma: balbu nyingi za bei ya chini zinasikia masafa ya 2.4 GHz tu na hazijui WPA3, njia mpya ya kufunga waifai kwa nywila. Weka mtandao wa wageni kwenye 2.4 GHz, usalama WPA2-Personal. Pia kuna kitufe kiitwacho AP Isolation kinachozuia vifaa vya mtandao huo kuonana. Ni kizuri, lakini wakati wa kusajili balbu simu na balbu zinahitaji kuonana, ndiyo maana usajili unaenda hadi karibu na mwisho kisha unafeli. Kizime, unganisha simu kwenye mtandao wa wageni, sajili balbu zote, kiwashe tena.

Kwa ambaye hajaanza, ipo njia ya kuepuka kusajili kifaa kimojakimoja. Badilisha kwanza jina na nywila ya mtandao mkuu, ukiwa umeunganishwa kwa waya. Kisha upe mtandao wa wageni jina na nywila ile ya zamani. Vifaa vyote vitahamia vyenyewe, na utahamisha upya simu, kompyuta na printa tu. Ina kasoro mbili: rauta nyingine hulazimisha jina la wageni limalizikie na neno «Guest», hapo haifanyi kazi, na kila shemeji aliyewahi kupewa nywila ya zamani bado anayo.

Jambo la mwisho kuhusu printa. Umeme ukikatika na kurudi, rauta inaweza kuipa anwani mpya, kompyuta ikaitafuta kwenye ya zamani na kusema Offline. Hapo ndipo watu huanza kufungua kila kitu kwa hasira, firewall ikiwemo. Kwenye rauta tafuta Address Reservation, chagua printa kwenye orodha, ifungie anwani moja, mfano 192.168.1.50. Weka anwani hiyohiyo kwenye kompyuta.

Boksi la televisheni la bei poa

*Nilinunua boksi la Android lisilo na jina la kueleweka, linaonyesha mpira wote. Tangu hapo tovuti nyingi zinanitaka nithibitishe mimi si roboti, na bando linaisha haraka. Kuna uhusiano?*
Msomaji, Kampala

Upo uwezekano mkubwa. Januari 2023 Daniel Milisic, mtaalamu wa usalama wa Kanada, alieleza jinsi boksi la T95 alilonunua mtandaoni lilivyokuja na programu hasidi ndani kabla hajalitumia. Juni 2025 FBI ilitoa onyo kuhusu kundi linaloitwa BADBOX 2.0, linalohusu maboksi, projekta na fremu za picha za bei ya chini. Mwezi uliofuata Google ikafungua kesi Marekani ikitaja vifaa zaidi ya milioni 10. Vingine huambukizwa kiwandani au njiani, vingine siku unayopakua programu ya «mpira wa bure» nje ya duka rasmi.

Kazi kubwa ya maambukizi hayo ni kukodisha intaneti yako. Mtu wa mbali anapitisha mambo yake kwenye anwani ya nyumbani kwako, ndipo tovuti zinakushuku wewe, na bando linalipia safari zake.

Fungua Play Store ya boksi, picha ya akaunti, Settings, About, usome Play Protect certification. Kama halijathibitishwa, au halina Play Store ya kweli, hilo ni onyo la kwanza. La pili ni kukutaka uzime Play Protect, ukaguzi wa usalama wa Google, ili programu ziingie. Halafu kwenye rauta tazama matumizi ya kila kifaa: lizime kwa rimoti saa 4 usiku bila kulichomoa, asubuhi uone limetumia kiasi gani. Sasisho moja linaweza kula kiasi, lakini usiku wa tatu mfululizo si sasisho.

Kurudisha mipangilio ya kiwandani hakusaidii, kwa kuwa maambukizi yako kwenye mfumo wenyewe na reset hukurudisha huko huko. Lichomoe. Tunajua linauma, lakini usimuuzie mwenzio. Na akaunti ya Google uliyoingiza humo ibadilishie nywila leo, kwa kutumia simu.

Kitufe cha WPS

*Printa inataka nibonyeze WPS kwenye rauta. Je, ni salama?*
Msomaji, Morogoro

Kitufe chenyewe, cha kuunganisha kifaa bila kuandika nywila ya waifai, hakina neno: hufungua kwa takriban dakika 2 kisha hufunga. Hatari ni ndugu yake, PIN ya WPS yenye tarakimu 8. Desemba 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba rauta hujibu nusu mbili za PIN kila moja kivyake, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, hivyo majaribio yanashuka kutoka mamilioni hadi 11,000. Unganisha printa kwa kitufe, kisha ingia kwenye rauta uzime PIN. Kama rauta haitenganishi viwili hivyo, zima WPS yote. Printa itaendelea kukumbuka waifai.

Printa ya mtumba

*Nafungua steshenari. Nimepata mashine kubwa ya kunakili iliyotoka Ulaya, na nataka kuuza printa yangu ndogo. Niangalie nini?*
Dada wa Mwanza

Dada, anza na unayonunua. Mashine kubwa za ofisi nyingi zina diski ngumu ndani, na kilichowahi kunakiliwa kinaweza kuwa bado kimo. Mwaka 2013 Affinity Health Plan, kampuni ya bima ya afya ya New York, ililipa dola 1,215,780 baada ya kurudisha mashine za kukodi zikiwa na taarifa za wagonjwa kwenye diski. Kwako hatari inageuka: hujui aliyetangulia aliacha nini, nawe utakuwa unanakili vyeti na vitambulisho vya wateja.

Kabla ya kulipa mwombe muuzaji nywila ya msimamizi. Mashine iliyofungwa na mwenyewe wa zamani inaweza kukunyima menyu nusu. Ukiingia, tafuta kufuta diski kwa kuandika juu yake. Kwenye mashine nyingi huitwa Overwrite au Initialize All Data. Hesabu saa kadhaa, usikate umeme katikati, na kwa umeme wetu ni vizuri kuiunga kwenye UPS inayoimudu au jenereta. Kisha washa kipengele cha kufuta baada ya kila kazi kama kipo.

Hiyo unayouza, Restore Network Settings haitoshi: inafuta waifai, inaacha kitabu cha namba za faksi na barua pepe. Tafuta Restore Factory Defaults au Reset All. Wengi husahau skani. Kama uliiwekea printa itume skani kwenye barua pepe, nywila ya barua pepe yako imehifadhiwa ndani. Hata baada ya reset, ingia kwenye akaunti hiyo uifute nywila uliyoitengenezea printa. Iondoe pia printa kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya kampuni iliyoitengeneza, la sivyo mnunuzi atahangaika kuisajili na wewe utaendelea kupata taarifa za wino wake.

Balbu na soketi janja zinazotupwa zina habari hiyohiyo kwa ukubwa mdogo. Mwanzoni mwa 2019 mtafiti anayejiita LimitedResults aliipasua balbu ya LIFX akakuta nywila ya waifai ndani ikiwa wazi, haijafichwa. Kampuni ilirekebisha baadaye. Kwa nyingi, kuwasha na kuzima mara kadhaa mfululizo hadi ianze kupepesa hurudisha hali ya kiwandani. Idadi ya mara iko kwenye karatasi ya maelekezo. Iliyokwisha kufa kabisa ivunje ubao wake, au badilisha nywila ya mtandao wa wageni.

Kamera ya kumtumia mama

*Nipo Leicester. Nataka kumpelekea mama Tanga kamera mbili na soketi janja. Kuna tofauti na za Kariakoo?*
Msomaji, Uingereza

Sheria iliyoanza kutumika huko tarehe 29 Aprili 2024 inakataza kuuza vifaa hivi vikiwa na nywila moja ya kiwandani ya kila mtu, na inamlazimu mtengenezaji aseme atatoa masasisho ya usalama hadi lini. Tafuta tarehe hiyo kabla ya kulipa. Iliyobakiza mwaka mmoja usiibebe, hata ikiwa kwenye punguzo. Plagi ni ileile ya pini tatu na umeme ni wa kiwango cha huko, hutahitaji adapta.

Zisajili ukiwa Tanga, kwenye simu ya mama na kwa akaunti ya mama, kisha yeye akugawie. Baadhi ya programu hufunga kifaa kwenye nchi uliyochagua siku ya kwanza, na ukisajili Leicester mama anaweza kukiona kama hakipo. Picha ya boksi usiiweke kwenye kundi la familia kabla ya kuziba kibandiko. Kamera nyingi za bei ya chini hufikiwa kwa namba ya utambulisho iliyoandikwa hapo, na mwaka 2019 mtafiti Paul Marrapese alionyesha kwamba kwenye vifaa zaidi ya milioni 2 vyenye mfumo wa iLnkP2P namba hizo zilikuwa za kukisika na mtu angeweza kuingilia mawasiliano. Ukikuta kamera yako ni ya mfumo huo, badala yake ni kununua nyingine. Kama mtaendelea nayo, zuieni kwenye rauta mawasiliano yanayokwenda nje kupitia mlango wa UDP 32100, mtatazama mkiwa nyumbani tu.

Na dada wa kazi aambiwe kamera ziko wapi.